Soma chuma kwanza: namna ya kukusanya na kuchunguza raifo za kale za kuwindia

Anayenipigia simu kuhusu bunduki ya marehemu babu yake huanza karibu kila mara na hadithi. Babu alipewa na bwana nyama, yaani afisa wa wanyamapori, wa Kizungu. Babu aliinunua kwa Mjerumani aliyekuwa anafunga shamba lake Usambara. Babu alimuua nayo simba mla watu. Namsikiliza mpaka mwisho, kwa sababu hadithi ni mali ya familia, kisha namwomba picha: juu ya bodi (chuma kikuu kinachoshika mtutu na bolti) mbele kidogo ya bolti, ile komeo inayosukuma risasi na kufunga nyuma ya mtutu, ubavu wa kushoto, mtutu kwa urefu wake wote, na mpini wa bolti kwa upande wa chini. Picha zikifika, mara nyingi tunajua bunduki ilitengenezwa wapi na miaka gani kabla hatujamgusa babu.

Nilikuwa askari wa wanyamapori kusini mwa Tanzania, na kwa sehemu kubwa ya utumishi wangu nilikabidhiwa funguo za ghala la silaha. Humo zilikuwamo raifo zilizotutangulia sote kazini: 404 za enzi za Tanganyika (404 na 375 ni majina ya risasi zake), zilizobebwa kwenda kuwazuia tembo waliovamia mashamba, na 375 ambazo mbao zake zilikuwa nyeusi kwa jasho la mikono ya watu waliokwisha kustaafu. Kuzifungua, kuzifuta na kuzirudisha rafuni ndiko kulikonifundisha kuzisoma. Ninayoyaandika hapa ni kwa yule anayependa raifo za bolti za kuwindia, za kati ya 1898 na miaka ya 1960, na anataka kujua alichonacho au anachotaka kununua.

Kibali kabla ya kitu kingine

Raifo ya mwaka 1910 inaua sawasawa na ya jana, na sheria inalijua hilo. Tanzania tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, na leseni inapitia polisi. Kenya kuna Sheria ya Silaha, sura ya 114, na bodi yake ya leseni. Ukikuta bunduki ya marehemu juu ya dari, usiibebe kwenye gari kwenda kuionyesha kwa jamaa. Toa taarifa polisi, uliza utaratibu wa mirathi, na uache leseni yako ikutangulie. Ndugu zetu walioko nje wana taratibu zao: Marekani, bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake huhesabiwa kuwa ya kale kwa sheria ya shirikisho, nayo ya 1899 haimo, ingawa unaweza kuziona mezani zimefanana kama mapacha. Ujerumani kuna kibali maalumu cha wakusanyaji, kile chenye rangi nyekundu, na anayekiomba hutakiwa aeleze anakusanya nini hasa na kwa nini.

Nasisitiza jambo moja ambalo wengi hawalifikirii: unaweza kuwa mkusanyaji mzuri bila kumiliki bunduki hata moja. Picha za alama, katalogi za zamani, leseni za kikoloni zilizosahaulika masandukuni, masimulizi ya wazee waliobeba bunduki hizo porini: huo ni mkusanyiko, na kwa hapa kwetu pengine ndio wenye thamani kubwa zaidi, kwa sababu hakuna anayeutunza.

Chagua eneo dogo

Anayetaka kila kitu hajui kitu. Mimi nilichagua raifo zilizojengwa juu ya bodi ya Mauser 98, na nakushauri uanzie hapo, kwa kuwa ndizo zilizojaa Afrika Mashariki na ndizo zenye alama nyingi za kusoma. Jeshi la Ujerumani liliipokea 98 mwaka 1898. Wawindaji waliipenda kwa sababu za porini kabisa: ukucha mpana unaoikamata risasi tangu inapotoka kwenye magazini hadi ganda linapotupwa nje, hata ukiwa umeinama au umeanguka chali, meno mawili mbele ya bolti yanayofunga, na la tatu nyuma la kukuokoa yakishindwa, na matundu ya kutolea gesi pembeni ganda likipasuka, isije usoni.

Kutoka mji wa Oberndorf, kando ya mto Neckar, bodi hizo zilikwenda kwa watengenezaji wa kila namna. John Rigby wa London alikuwa wakala wa Mauser kwa Uingereza hadi 1912, na ile iitwayo .275 Rigby ni risasi ya Mauser ya milimita 7x57 kwa jina jingine. Ndiyo iliyompa sifa Mskoti W. D. M. Bell, aliyewinda tembo Karamoja, Uganda, kwa kichwa chembamba cha risasi ambacho leo hakuna askari wa wanyamapori angekubali kumwendea nacho tembo. Mwaka 1911 Rigby walitoa .416, inayohitaji bodi kubwa kuliko ya kawaida. Mwaka uliofuata Holland & Holland wakatoa .375. Upande wa Wajerumani, Otto Bock wa Berlin alibuni 9.3x62 mwaka 1905, akiwalenga walowezi wa makoloni ya Afrika, na ufundi wake ulikuwa hapa: iliingia kwenye bodi ya 98 ya kawaida, kwa hiyo mkulima aliyekuwa na pesa ya wastani aliweza kuwa na raifo ya nyati. Nayo 404 ya W. J. Jeffery ikawa bunduki ya serikali. Idara za wanyamapori za Kenya na Tanganyika ziliitumia kwa miaka mingi.

Ukivutiwa zaidi na Mannlicher-Schönauer ya Steyr, Austria, ile yenye mbao inayofika hadi mdomoni na magazini ya kuzunguka, nenda nayo. Njia ya kuichunguza ni ileile. Jina la kiwanda litakusaidia: kampuni ile ilibadilika kuwa Steyr-Werke mwaka 1926 na Steyr-Daimler-Puch mwaka 1934, kwa hiyo maandishi juu ya bodi yanakupa mipaka ya miaka.

Kusoma chuma

Hakikisha kwanza haina risasi. Fungua bolti, tazama chemba (mahali risasi inapokaa nyuma ya mtutu), ingiza kidole, tazama tena; fanya hivyo hata kama aliyekupa ameapa mbele ya watoto wake. Kisha toa bolti, weka bunduki juu ya blanketi karibu na dirisha. Mwanga wa pembeni unaonyesha alama ambazo taa ya juu inazificha. Alama iliyofifia ipake chaki nyeupe kwa kidole na uifute taratibu. Chaki itabaki kwenye mikato. Usitumie brashi ya waya wala msasa, hata kidogo.

Anza na jina. Bunduki ya Oberndorf iliyoandikwa "Waffenfabrik Mauser" ni ya kabla ya mabadiliko ya 1922; "Mauser-Werke" ni ya baada yake. Kwenye bunduki za Kiingereza, soma anwani iliyo juu ya mtutu, maana maduka yalihama. Rigby wa 72 St James's Street ni wa zamani kuliko Rigby wa 43 Sackville Street. Watu hupuuza anwani kwa sababu hawajawahi kufika London. Mimi pia sijafika, lakini anwani imenifaa kuliko kitu kingine chochote kwenye mtutu wa Kiingereza.

Kisha namba. Raifo ya Kiingereza juu ya bodi ya Mauser mara nyingi ina namba mbili: ya Mauser kwenye bodi na ya muuzaji mahali pengine, pengine kwenye kinga ya kifyatulio. Andika zote, kila moja na mahali ulipoiona. Linganisha namba ya bodi na ile iliyo chini ya mpini wa bolti. Zikitofautiana, bolti imetoka kwenye bunduki nyingine. Hilo hupunguza thamani, lakini kubwa zaidi ni kwamba bolti ngeni inaweza isikae vizuri nyuma ya risasi, na fundi lazima apime nafasi hiyo kabla haijapigwa.

Sasa alama za majaribio, na hapa ndipo pa kutulia. Ujerumani na Uingereza zilikuwa na sheria kwamba kila mtutu upigwe risasi ya nguvu kupita kiasi mbele ya mkaguzi, na ukisalimika ugongwe muhuri. Kwa Wajerumani, sheria ya 1891 ilileta herufi zenye taji juu yake: B, U na G, hiyo G ikiwa na maana ya mtutu wenye mistari ndani, N yenye taji ni ya baruti isiyo na moshi. Kuanzia 1940 taji liliondoka na tai akachukua nafasi yake. Kwa hiyo mtu akikuambia raifo yenye tai juu ya N aliachiwa babu yake na Mjerumani aliyekimbia vita ya 1914, mjibu kwa upole kwamba mtutu huo ulikaguliwa miaka mingi baada ya vita hiyo. Bunduki za mafundi wa mji wa Suhl, Ujerumani, mara nyingi zina pia mwezi na mwaka, tarakimu ndogo chini ya mtutu kama 4.13, yaani Aprili 1913. Huzioni mpaka mbao itoke, na kuitoa mbao ni kazi ya fundi mwenye bisibisi zinazoenea sawasawa kwenye skrubu. Muhuri wenye umbo la pembe ya paa, huo ni wa kituo cha majaribio cha Oberndorf.

Waingereza walikuwa na vituo viwili, London chini ya chama cha mafundi bunduki kilichoanzishwa 1637, na Birmingham tangu 1813. Mkono ulioshika upanga uliopinda juu ya NP ni London. Taji juu ya NP ni Birmingham kati ya 1904 na 1954. Taji juu ya BNP ni baada ya hapo. Bunduki za kabla ya 1954 huandikwa baruti na uzito, kwa mfano neno la kodaiti na 60-400 kwenye 404: greni 60 (kipimo kidogo cha uzito) za kodaiti, baruti ya Kiingereza isiyo na moshi, nyuma ya kichwa cha greni 400. Baada ya 1954 utakuta shinikizo kwa tani kwa inchi ya mraba. Na ukikuta maneno "NOT ENGLISH MAKE", ujue bunduki ya kigeni ilipitia kwa wakaguzi wa Uingereza baada ya kanuni za 1925. Alama hiyo peke yake imewahi kuimaliza hadithi nzuri sana ya bunduki iliyosemekana kutua Mombasa mwaka 1908 moja kwa moja kutoka Hamburg.

Ya kuwindia, au ya jeshi iliyokatwa?

Swali hili hunijia zaidi kutoka Tanga na Lindi, na kuna sababu. Mwaka 1915 meli ya Wajerumani iitwayo Rubens ilivunja mzingiro wa Waingereza ikaishia ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga. Mwaka uliofuata Marie ikafika ghuba ya Sudi, kusini. Zilileta bunduki na risasi kwa jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, ambalo askari wake wengi walianza vita na Mauser za mwaka 1871 zinazotoa moshi mzito na kubeba risasi moja moja. Kwa hiyo si kila Mauser ya pwani ilikuwa ya mwindaji.

Ya jeshi ina jina la kiwanda na mwaka juu ya bodi, kama Danzig, Spandau au Amberg, na mihuri midogo ya wakaguzi imepangwa ubavuni. Mtutu wake unapungua kwa ngazi ngazi. Ukutani kushoto mwa bodi kuna pengo la kidole gumba, la kusukumia risasi tano kwa pamoja. Nyingi za kuwindia kutoka kiwandani hazina pengo hilo. Baada ya vita zote mbili, mafundi wa Ulaya walikata mamia kwa mamia ya bunduki za jeshi, wakazivisha mbao nzuri za jozi na kuziuza kwa wawindaji. Ni bunduki halali na nyingine zimetengenezwa kwa ustadi mkubwa, ila si bunduki za Oberndorf za kuwindia na bei yake isiwe hiyo. Tazama kama juu ya bodi pamesagwa: chuma huwa kimebonyea kidogo, na mwanga hukatika ukiuzungusha.

Hatari ya milimita 8

Nakuomba usome hapa hata kama utaruka kwingine. Raifo za Kijerumani za milimita 8x57 zina mitutu ya aina mbili. Ya awali, J, inachukua kichwa cha inchi .318. Jeshi lilipobadili risasi, kufikia 1905, lilikwenda kwenye .323, yaani S. Lakini watengenezaji wa bunduki za kuwindia waliendelea na J kwa miaka mingi baadaye, kwa hiyo mwaka wa bunduki haukuhakikishii chochote. Kichwa cha .323 kikilazimishwa kwenye mtutu wa .318 shinikizo hupanda, na chuma cha zaidi ya miaka mia si cha kujaribia. Fundi husukuma kipande cha madini laini ya risasi ndani ya mtutu na kukipima kwa mikromita. Kazi ya dakika chache. Chemba nayo humiminiwa aloi inayoyeyuka kwa joto dogo, ikaganda, ikatolewa na kupimwa, maana wapo waliopanua chemba ili zimeze risasi nyingine bila kufuta maandishi ya zamani kwenye mtutu.

Pia tazama ndani ya mtutu. Risasi za zamani zilikuwa na fataki (viwashio vya baruti kwenye kitako cha ganda) zenye chumvi zinazovuta unyevu, na kwa joto la pwani kutu ilianza usiku uleule. Wazee wa ghala letu walimimina maji ya moto ndani ya mtutu, wakaukausha, wakapaka mafuta, jioni ileile ya safari. Mtutu wenye vishimo vingi karibu na chemba na mng'ao mbele unakuambia mwenyewe alikuwa mvivu wa maji ya moto.

Karatasi

Chuma kikishasema, ndipo uende kwenye karatasi ukiwa na swali mahususi. Westley Richards, Holland & Holland na Rigby bado wana leja zao za mauzo, na wakipata namba wanaweza kukuambia bunduki iliuzwa lini, kwa nani na ikiwa na vifaa gani. Kwa Mauser usitarajie hayo: Wafaransa waliiteka Oberndorf mwaka 1945, kiwanda kikang'olewa, na kumbukumbu nyingi zikapotea humo. Mji huo una jumba la makumbusho ya silaha, nalo linafaa kwa kulinganisha umbo na alama. Katalogi ya ALFA ya Hamburg ya mwaka 1911 ni hazina nyingine; ina michoro ya bunduki na vifaa vilivyouzwa nje kwa wingi, na ndimo utakapotambua saiti au kifyatulio ambacho hukijui.

Nyumbani, nenda Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Zipo faili za Wajerumani na za serikali ya Mwingereza, na ripoti za mwaka za Idara ya Wanyama ya Tanganyika zinataja maafisa, wilaya na tembo waliouawa kulinda mashamba. Nairobi kuna Nyaraka za Taifa za Kenya, pale Moi Avenue. Omba faili za wilaya, si za "bunduki" tu. Jina la bwana nyama hujitokeza kwenye malalamiko ya wakulima kuliko kwenye orodha za silaha.

Hadithi ya familia sasa ipime kwa tarehe zinazojulikana. Tanzania ilipiga marufuku uwindaji Septemba 1973 na kuufungua tena 1978. Kenya iliufunga Mei 1977. Picha ya babu na watalii wawindaji Voi, inayosemekana ni ya 1979, ina kasoro ya mwaka au ya mahali. Mara nyingi ni mwaka: wazee walikumbuka mvua na njaa kuliko tarakimu, na ukiwauliza kwa kufuata njaa utaupata mwaka wa kweli.

Usiiguse

Bunduki ya zamani iliyopakwa rangi mpya na kusuguliwa mbao imepoteza ushahidi wake. Msasa hula kingo za herufi. Vanishi ya dukani hufunika mafuta ya asili. Futa kwa kitambaa chenye mafuta mepesi, mbao uipake mafuta ya kitani kidogo sana, kisha uiache. Mkwaruzo wa mkanda wa bega, herufi za jina zilizochongwa kwa kisu kwenye kitako, namba ya stoo ya idara iliyogongwa kwenye chuma: vyote viache. Namba ya stoo ndiyo inayoiunganisha 404 na kituo chake, na nimeona ikifutwa kwa tupa na mtu aliyedhani anaisafisha. Ikifutwa haiandikiki tena.

Kwa kila bunduki fungua ukurasa wake daftarini. Upande wa kushoto andika ulichokiona kwa macho: maneno, namba, vipimo, hali ya mtutu, tarehe na jina la aliyekuonyesha. Upande wa kulia andika ulichoambiwa, na nani alikuambia. Usiruhusu mstari uvuke kutoka kulia kwenda kushoto mpaka upate leja, leseni au barua. Ukiwaandikia wenye leja London, wape namba zote mbili, kaliba, anwani iliyo kwenye mtutu na picha za alama za majaribio, kisha uwaulize maswali mawili tu: iliuzwa lini, na ilitumwa kwa nani. Hadithi ya babu iweke mwisho wa barua, kwa ufupi, ukitaja wilaya na jina la bwana nyama. Mtunza leja akilikuta jina hilo mwenyewe kabla hujamwonyesha, huo ni ushahidi.